Kirangozi, Mnyapara na Mpagazi: Uongozi na Tabia Zinavyojenga au Kuvunja Kazi



Kila mwaka wapo wenzenu wanaotoka katika madrasa yetu na kuingia katika kazi. Mmoja huajiriwa dukani, mwingine gereji, mwingine huenda kusomea ualimu au uuguzi, na mwingine hurudi kijijini kwenye tumbaku na mizinga ya asali. Haupiti muda mrefu kabla ya kukutana na jambo moja lisilofundishwa sana darasani. Mahali pawili pana kazi ile ile, vifaa vile vile na mishahara inayolingana. Lakini pamoja kazi inakwenda, na pengine haiendi. Pamoja watu wanakuja mapema, pengine wanaangalia saa wakingoja kuondoka. Tofauti ni nini?

Katika makala hii tutaeleza kwamba sehemu kubwa ya jibu iko katika mambo mawili. La kwanza ni mtindo wa uongozi, yaani namna kiongozi anavyotoa amri, anavyosikiliza, anavyogawa kazi na anavyoadhibu. La pili ni tabia za watu wenyewe, za kiongozi na za wale anaowaongoza. Hatutachukua mifano yetu kutoka mbali, kwa sababu sisi wa Chemchem tunaishi katika mji ambao zamani ulikuwa moja ya mahali pakubwa pa kazi katika Afrika Mashariki yote. Kazi yenyewe ilikuwa msafara.

MSAFARA ULIKUWA KAZI, NA ULIKUWA NA NGAZI ZAKE

Katika karne ya 19 njia kuu ya biashara ilitoka Bagamoyo na pwani ya jirani, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani hapa kwetu Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa wakati ule, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 kutoka pwani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ndipo miguu ya watu ilipoanza kupumzika.

Hatusemi haya kwa kuisifu biashara yote iliyopita hapa. Njia hiyo hiyo ilipitisha pembe za ndovu na nguo, na ilipitisha pia watumwa, na majonzi yao ni sehemu ya historia ya mji wetu. Lakini wengi waliobeba mizigo, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Walipatana malipo kabla ya safari. Walibeba mzigo wa ratili 60 hadi 70, yaani kilo 27 hadi 32 hivi, na walipewa posho, ambayo kwa kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku au nguo za kununulia chakula.

Msafara ulikuwa na ngazi zake. Juu alikuwapo mwenye mali. Chini yake walikuwapo wanyapara waliosimamia makundi. Mbele ya wote alikwenda kirangozi, na nyuma yake walifuata wapagazi, nao waligawanyika katika kambi ndogo ndogo za watu waliopika na kula pamoja. Mtu anayejua kiwanda, hospitali au shule ataona kwamba mpangilio huu si mgeni kwake.

KIRANGOZI ALIKUWA NANI?

Kirangozi hakuwa mwenye mali, wala hakuwa na bunduki nyingi kuliko wengine. Mara nyingi alikuwa mpagazi mwenyewe, mtu mzima aliyekwisha kupita njia ile mara nyingi, na wapagazi walimkubali kwa kuwa walimjua. Alivaa vazi la kumpambanua, akachukua bendera, na ngoma ilipigwa karibu naye. Burton aliandika kwamba ilikuwa mwiko kumtangulia kirangozi njiani. Aliyefanya hivyo alichomolewa mshale katika podo lake, ukawekwa uwe ushahidi wa kumtoza faini mwisho wa safari.

Tuangalie heshima hiyo ilitoka wapi. Kirangozi alijua maji yako wapi na ni mwendo wa saa ngapi. Alijua lugha za njiani na namna ya kuzungumza na watemi juu ya hongo. Alijua watu wake wamechoka au bado. Mwendo wake ndio uliokuwa mwendo wa msafara mzima. Akienda mbio kupita kiasi, wenye mizigo mizito walibaki nyuma na kuibiwa, na akienda polepole kupita kiasi, maji yalikwisha kabla ya kufika kisimani. Basi mamlaka yake yalitokana na ujuzi na kuaminiwa. Hiyo ni aina ya kwanza ya uongozi tunayotaka mwanafunzi aikumbuke, nayo ni uongozi ambao watu wameukubali kabla haujaamriwa.

MITINDO MITATU YA UONGOZI

Mwaka 1939 wataalamu watatu waliokuwa wakifanya kazi Marekani, Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White, walichapisha jaribio lililopata kuwa mashuhuri. Walikusanya wavulana wa umri wa miaka kama 10 katika vikundi vidogo vya kazi za mikono, wakawapa viongozi wa mitindo mitatu tofauti.

Wa kwanza ni kiongozi mwenye amri. Yeye peke yake ndiye aliyejua kitakachofanyika, na aliwapangia watoto kila hatua. Wa pili ni kiongozi shirikishi. Alijadiliana na watoto, akawaeleza kazi yote tangu mwanzo, na akawaacha wachague namna ya kugawana. Wa tatu ni kiongozi mwachiaji. Alikaa pembeni na kila mtoto akafanya alivyotaka.

Matokeo yake yana faida kwetu. Chini ya mwenye amri kazi nyingi ilifanyika, lakini alipotoka nje ilishuka sana, na katika baadhi ya vikundi watoto waligombana na kumtafuta mnyonge wa kumwonea. Chini ya mshirikishi, kiongozi alipotoka kazi iliendelea karibu kama kawaida. Chini ya mwachiaji kazi ilikuwa kidogo tangu mwanzo.

Wale walikuwa watoto wachache katika mchezo. Je, yanatokea kwa watu wazima, katika jambo la kufa na kupona? Historia ya misafara inatujibu kwa mifano miwili.

MFANO WA KWANZA: KAMBI YA YAMBUYA

Mwaka 1887 Henry Morton Stanley aliongoza msafara wa kumtafuta Emin Pasha, akipitia Kongo. Wengi wa watu wake waliandikwa kazi Zanzibar. Alipofika Yambuya, kwenye mto Aruwimi, aliwachagua wenye nguvu, akaondoka nao mwezi wa Juni. Nyuma akaacha wagonjwa, wanyonge na mizigo mingi chini ya Meja Edmund Barttelot. Barttelot aliambiwa angoje wapagazi walioahidiwa na Tippu Tip, kisha afuate.

Wapagazi hao hawakuja kwa wakati. Barttelot hakuthubutu kuondoka, wala hakuthubutu kubadili mpango. Kambi ikakaa karibu mwaka mzima. Chakula kikubwa kilikuwa muhogo, na muhogo mchungu usipolowekwa na kuandaliwa sawasawa ni sumu. Watu wakadhoofika, wakafa kwa makumi. Badala ya kukaa na wazee wa kambi na kuuliza la kufanya, Meja alizidisha viboko, na yupo aliyechapwa mpaka akafa. Alikuwa mtu mwepesi wa hasira na mwenye kuwashuku watu wote, na hakuwa na lugha ya kuzungumza nao. Tarehe 19 Julai 1888, baada ya kuwa wameondoka Yambuya, aligombana na watu juu ya ngoma iliyopigwa alfajiri, akapigwa risasi na mtu mmoja wa msafara, akafa. Stanley alipowakuta mwezi wa Agosti, sehemu kubwa ya wale aliowaacha walikuwa wamekwisha kufa au kutoroka.

Hapa tuwe waadilifu. Kosa halikuwa la Barttelot peke yake. Aliyewagawa watu kwa kuchukua wazima na kuacha wagonjwa alikuwa Stanley, na maagizo aliyoyaacha yalikuwa na utata. Lakini tunaona jinsi mtindo na tabia vilivyokutana. Mtindo ulikuwa wa amri na adhabu. Tabia ilikuwa hasira, shaka na kutokuwa na uamuzi. Mambo haya mawili yakikutana, kazi inaharibika na watu wanaangamia.

MFANO WA PILI: SUSI, CHUMA NA WENZAO

Mfano wa pili ulipita hapa hapa Tabora. David Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, mwaka 1872, akingoja wapagazi. Walipokuja aliondoka nao mwezi wa Agosti kuelekea kusini. Mwanzoni mwa Mei 1873 akafa katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake wapatao 60 wakajikuta hawana tajiri, hawana wa kuwalipa, na wako mbali sana na pwani. Hakuna ambaye angewalaumu kama wangegawana mali na kutawanyika.

Waliyoyafanya ndiyo somo letu. Kwanza walikutana wote, wakawaomba Abdullah Susi na James Chuma wawe wakubwa wao, kwa kuwa hao wawili walikuwa wazoefu kuliko wote katika safari na taabu zake. Wengine wakaahidi kuwatii. Pili, walifungua masanduku ya marehemu mbele ya watu wote, na Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akaorodhesha kila kitu, ili asitokee mtu wa kusema kimeibwa. Tatu, walikubaliana lengo moja, nalo ni kuufikisha mwili na maandishi ya marehemu pwani.

Wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaanza safari. Wengi walipougua walisimama mpaka wapate nafuu. Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza, aliyewashauri wauzike mwili hapa. Cameron alikuwa mkubwa kwa cheo na kwa taifa, lakini Susi, Chuma na wenzao walikataa kwa adabu, kwa sababu jambo lilikwisha kuamuliwa na wote. Mbele ya Tabora wakasikia kwamba wenyeji hawataki maiti ipite katika nchi yao. Wakatengeneza furushi la bandia, wakawatuma watu warudi nalo kana kwamba wanakwenda kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga upya ufanane na mtumba wa nguo. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Walikuwa wametembea zaidi ya kilomita 1,500, na baadhi yao walikufa njiani.

Linganisheni mifano hii miwili. Yambuya kulikuwa na maafisa, silaha na sheria kali. Kwa Chitambo hakukuwa na afisa hata mmoja aliye hai. Lakini kazi iliyofanyika ni ile ya kundi la pili. Lile jambo la watoto wa 1939, kwamba kazi ya kundi lililoshirikishwa haisimami kiongozi akiondoka, watu wa njia ya Tabora walikuwa wamekwisha kulionyesha miaka 66 kabla, na kwao kiongozi aliondoka asirudi tena.

JE, TABIA GANI HULETA KAZI NZURI?

Wataalamu wa siku hizi hupenda kuzigawa tabia za watu katika mafungu makubwa matano: kujali kazi, uchangamfu, wema kwa wenzio, utulivu wa moyo, na kupenda mambo mapya. Mwaka 1991 Murray Barrick na Michael Mount walikusanya pamoja tafiti 117 zilizohusu kazi za namna mbalimbali, toka za mauzo na umeneja mpaka za polisi na mafundi. Tabia iliyoonekana kwenda pamoja na kazi nzuri katika kazi zote ilikuwa moja, nayo ni kujali kazi. Maana yake ni kufika kwa wakati, kutimiza ahadi, kuweka mambo kwa mpango na kumaliza ulichoanza.

Mwaka 2002 Timothy Judge na wenzake walitazama tabia za viongozi. Waliona kwamba mchangamfu na msemaji ndiye anayeelekea zaidi kuonekana kiongozi katika kundi. Lakini uhusiano wa uchangamfu huo na kuongoza vizuri ulikuwa mdogo kuliko uhusiano wake na kuonekana. Kwa maneno mengine, tunawachagua wenye sauti kuliko inavyostahili. Wanafunzi wanaochagua viranja wao walifikirie jambo hili.

Hapa kwetu tunaye Mirambo wa Urambo. Jina lake lilitisha njia nzima, na tangu mwaka 1871 alipigana na wafanyabiashara wa Unyanyembe kwa miaka kadhaa. Stanley alikutana naye Aprili 1876, akitarajia kumwona mtu wa vitisho. Akamkuta mtu mpole, mwenye sauti ya chini na adabu nyingi. Basi ukimya si unyonge, na makelele si nguvu.

Lakini kwa Mirambo tunajifunza na jambo jingine. Alikufa Desemba 1884, na dola aliyoijenga haikukaa sana baada yake ikasambaratika. Ilisimama juu ya akili na jina la mtu mmoja. Kazi inayomtegemea mtu mmoja, hata awe hodari namna gani, huzikwa naye. Duka ambalo bei zote ziko kichwani mwa mwenyewe, na shule ambayo kila ufunguo uko mfukoni mwa mkuu, ziko katika hatari hiyo hiyo.

MTU YULE YULE, WAKUBWA TOFAUTI

Tusije tukafikiri kwamba tabia ya mfanyakazi ni jiwe lisilobadilika. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani mpaka India na baadaye akawa huru, alisafiri na Burton, Speke, Stanley na Cameron. Speke, ingawa naye aliwahi kumpiga, alimsifu sana kwa uaminifu na bidii. Stanley alimlalamikia kuwa mzito na mzembe, akampiga. Kisha Bombay huyo huyo alimwongozea Cameron watu wake kutoka bahari ya Hindi mpaka bahari ya Atlantiki, safari iliyokwisha mwaka 1875.

Je, Bombay alikuwa mtu mzembe au mtu wa bidii? Sisi tunaona kwamba swali lenyewe lina kasoro. Kila mkubwa alimtazama kwa jicho lake, na kila mkubwa alipata kutoka kwake kiasi alichojua kukipata. Mwajiri anayesema kwamba vijana wote wa siku hizi ni wavivu, ajiulize kwanza kwa nini wavivu hao wanafanya kazi vizuri wakihamia kwa jirani.

Wapagazi nao hawakuwa watu wa kukaa kimya. Walipoonewa waliweka mizigo chini, wakakataa kuendelea mpaka posho itengenezwe. Mambo yakizidi walitoroka usiku. Na mwenye mali aliyetaka kuwaondoa Wanyamwezi nyumbani wakati wa kulima hakuwapata, kwa kuwa shamba lilikuwa mbele ya safari. Aliyejua majira yao alipata watu. Asiyejua alikaa Bagamoyo miezi akingoja. Hiki nacho ni kipimo cha uongozi, kujua maisha ya mtu nje ya kazi unayompa.

JE, AMRI HAINA MAHALI PAKE?

Huenda mwanafunzi akauliza, kama kushirikisha ni bora, amri ni mbaya wakati wote? Hapana. Msafara ukivuka mto uliofurika, au ukiingia nchi kame ya Mgunda Mkali, hakuna nafasi ya kuketi na kupiga kura. Kirangozi akisema simameni, ni kusimama. Daktari katika chumba cha upasuaji na dereva wa basi wako katika hali hiyo. Lakini watu hutii amri ya ghafla upesi zaidi kwa kiongozi aliyewasikiliza siku za kawaida. Wale waliowatii Susi na Chuma walikuwa wamewachagua.

MAMBO YA KUCHUKUA

Kwa kumalizia, tunawawekea wanafunzi wetu mambo machache ya kuanzia, kwa kila aliyepewa uongozi, hata uwe wa kufagia uwanja tu.

Kwanza, ijue kazi kabla ya kuiamrisha. Kirangozi alikuwa amebeba mzigo kabla ya kubeba bendera.

Pili, waeleze watu lengo lote, siyo hatua ya leo peke yake, ili ukiwa hupo wajue la kufanya.

Tatu, mali ya wote ihesabiwe mbele ya wote na iandikwe. Daftari la Jacob Wainwright lilizuia fitina nyingi.

Nne, chunga hasira yako na shaka yako. Ukiona adhabu zinazidi na kazi inapungua, tazama uongozi wako kabla ya kuwatazama unaowaongoza.

Tano, unapochagua kiongozi, usiangalie nani anazungumza zaidi. Angalia nani humaliza alichoanza.

Sita, mfundishe mwenzako kazi yako. Siku utakapoondoka, msafara usibaki njiani.

Leo neno kirangozi halisikiki sana, ila neno mnyapara bado tunalo, na mara nyingi tunalitumia kwa mtu wa kusimamia wenzake kwa ukali. Tungefurahi kuona vijana wa Chemchem wakienda makazini wakiwa viongozi wa namna ile ya kwanza, ambao wenzao wanawafuata kwa kuwa wanajua maji yako wapi.